Mashavu ya Delphine

Jumatatu, tarehe 8 Machi 1965. Asubuhi hiyo ukungu uliikalia Butembo mpaka saa tatu, na manyunyu membamba ya baridi yalianguka, yasiyotosha kujaza hata ndoo moja lakini yaliyotosha kulowesha kuni zote. Kavira alikuwa akipuliza moto usiotaka kuwaka. Moshi ulimwingia machoni, akatokwa na machozi ambayo, alijiambia, ni ya moshi tu.

Hatua chache kutoka kwake Delphine, mke wa shemeji yake, alikuwa na moto wake mwenyewe. Wa Delphine ulikuwa umeshika. Juu yake kilikaa chungu kidogo cheusi chenye kifuniko, na Delphine alikuwa akiimba.

"Tuko mu Kwaresima," Kavira alisema bila kugeuka. "Hapana kuimba kama mutu wa harusi."

"Ni wimbo wa Bikira Maria, yaya," Delphine alijibu, akimwita dada mkubwa kama ilivyo desturi.

"Basi imba polepole. Maria hana ugonjwa wa masikio."

Mukaka Vagheni, mama mkwe wao, aliyeitwa Mukaka, yaani bibi, na wajukuu na hatimaye na kila mtu, alicheka kutoka mlangoni. Delphine naye alicheka. Alipocheka mashavu yake yalipanda mpaka macho yakabaki mistari miwili. Yalikuwa mashavu ya mviringo, yenye kung'aa, mekundu kidogo juu ya weusi wake mzuri. Mashavu ambayo watu wa Butembo hawakuwa wameyaona kwa mtu yeyote tangu vita ya waasi ianze. Kavira aliyaona, akarudi kupuliza moto.

Walikuwa wake wa ndugu wawili. Kavira alikuwa mke wa Hippolyte, mkubwa, aliyefuata bidhaa mpakani Kasindi kwa baiskeli. Delphine alikuwa mke wa Apollinaire, mdogo, seremala. Katika ua ule watu wote walikula chungu kimoja, na wake walipokezana zamu ya kukipika. Mke aliyejipikia peke yake alikuwa kama mtu aliyesimama njiani na kutangaza kwamba wenzake ni wachafu, au wachawi. Lakini Delphine alijipikia tangu mwezi wa kwanza na hakuna aliyemsema, kwa sababu daktari alikuwa amemkataza chumvi.

Chumvi! Mwaka ule, barabara zikiwa zimekatwa, chumvi iliuzwa Butembo kwa kijiko, na kijiko chenyewe kilisawazishwa kwa kisu. Mama wazima walitia mboga majivu ya maganda ya ndizi ili midomo idanganyike. Kavira alijiuliza kila siku: ni mtu gani anayekataa chumvi? Mara mbili alikuwa amekifunua kile chungu Delphine alipokwenda kuchota maji. Mara zote mbili alikuta maharage na majani. Alijiambia kwamba nyama ilikuwa imekwisha kuliwa.

Haikuwa hivyo mwaka uliopita. Mwaka uliopita Delphine alikuwa mtu wa kitandani. Vidole vyake vilivimba hata asiweze kushika kijiko, magoti yakawa kama maboga, na Apollinaire alimbeba mgongoni kumpeleka chooni. Wakati huo Kavira alimpenda. Alilima sehemu yake na sehemu ya Delphine, alimfulia nguo, alimnyoa nywele, na jioni alimwombea kwa sauti. Baada ya Mwaka Mpya lori la askari lilikubali kumchukua mgonjwa mpaka Beni, na kupita Beni, mpaka kwenye hospitali ya wamisionari. Alirudi na kopo la vidonge vidogo vyeupe. Siku ya tatu alisimama. Wiki ya pili alishika jembe. Mwezi wa pili mashavu yakaja.

Kavira hakujua ni siku gani hasa upendo wake ulikauka. Alijua tu kwamba haukuwapo tena.

*

Hippolyte alifika saa nne, akisukuma baiskeli, matope mpaka magotini.

"Ku baryeri ya pili ya askari balinishusha mizigo yote," alisimulia. "Sergent moja akaniuliza, 'Yo, uko Mulele, mutu wa waasi?' Nikamujibu, 'Chef, Mulele gani anabeba sabuni?'"

Watu wote wa ua wakacheka. Yeye pia alicheka, ingawa begani alikuwa na alama mbichi ya kitako cha bunduki.

Katika nyumba ile, kitu ambacho mwana mkubwa alitoka nacho safarini hakikuingia kwanza chumbani kwake. Kilitandazwa juu ya mkeka mbele ya mama, na mama ndiye aliyegawa. Hippolyte alitandaza sabuni, chupa ya mafuta ya taa, viberiti, na kitenge kimoja cha maua mekundu. Kavira alipokiona moyo wake uliruka. Usiku wa kuamkia safari mume wake alikuwa amemwuliza, "Unapenda rangi gani?" na yeye alikuwa amejibu, "Nyekundu."

Mukaka Vagheni alikikunjua kitenge, akakipima kwa mkono wake.

"Delphine hana tena blauzi yenye kumufunga," alisema. "Jana ku kanisa alijifunga shuka kama mutu mwenye kutoka hospitali. Hii ni yake. Mukubwa atavumilia."

Kavira alimtazama Hippolyte. Hippolyte alitazama mnyororo wa baiskeli, akauinamia, akaanza kuusafisha kwa kidole.

"Mama, umupatie yaya," Delphine alisema haraka. "Mi nitashona viraka."

Afadhali angenyamaza. Kavira alihisi wema ule ukimchoma kuliko tusi.

"Chukua, Mama Mathe," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake kama mgeni. "Mutu mwenye mwili ndiye mwenye kuvaa nguo. Mi nitavaa mifupa yangu."

Watu wakacheka tena, na Kavira akacheka pamoja nao, kwa sauti kubwa kuliko wote.

*

Saa sita walikwenda sokoni pamoja, Kavira akiwa na kitunga kichwani kwa sababu Delphine hakuruhusiwa bado kubeba kizito. Katungu, muuza kabichi, alipowaona aliinuka akapangusa kibao chake kwa kanga.

"Mama mukubwa, ikala," alimwambia Delphine. "Na mutumishi wako aweke kitunga hapa chini."

"Huyu hapana mutumishi," Delphine alisema, akiona haya. "Ni yaya yangu. Ni muke wa mukubwa."

"Yesu na Maria!" Katungu alijipiga mdomo. "Unisamehe, mama. Mais, lakini na weye, juu ya nini unamuachia muke wa mudogo vyakula vyote?"

Wauzaji wa pembeni waliangua kicheko. Mmoja alisema kwamba labda Hippolyte huwa anakosea mlango akitoka Kasindi. Katungu hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu kufunika kosa lake kwa mzaha, na alipoona mzaha haukufunika akaongeza mwingine.

"Ni dawa, eh? Ni ile dawa ya daktari inakuletea mashavu? Uniletee na mimi kidonge kimoja tu. Bwana wangu analala akinipa mugongo tangu Noeli."

"Hii hapana dawa ya muchezo, Mama Katungu," Delphine alisema. "Daktari alinionya. Alisema haikatwi mara moja. Inashuka ngazi kwa ngazi, mpaka chini."

Kavira alikuwa amesikia maneno hayo mara kumi nyumbani. Kila mara aliwaza jambo moja: hivyo ndivyo asemavyo mtu mwenye kitu kizuri ili wengine wasikiguse. Alinyanyua kitunga, kabichi mbili ndani yake, akatangulia. Njia nzima alitembea mbele, ili asimwone Delphine na ili watu wasiwaone bega kwa bega.

Alasiri Delphine alikwenda mtoni na nguo. Kavira aliingia chumbani mwake kana kwamba anatafuta ungo. Kopo lilikuwa katika kikapu kilichoning'inia darini, juu ya mikono ya watoto. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limejaa vidonge zaidi ya nusu. Alilishusha, akalifunika kwa upindo wa nguo, akatoka. Alipofika kwake alipiga ishara ya msalaba, kwa mazoea tu, kisha akashtuka kwamba ameipiga.

Alikuwa amemwona Delphine akimeza vinne kila asubuhi. Naye alimeza vinne. Vilikuwa vichungu hata ulimi ukajikunja.

*

Delphine aligundua asubuhi ya Jumanne. Alitafuta chini ya kitanda, katika unga, katika mavumbi ya mbao za Apollinaire. Aliwauliza watoto, na Mathe wake, mwenye miaka minne, akalia ingawa hakuna aliyemshtaki.

"Panya," Mukaka alisema.

"Panya anabeba kopo, Mama?"

"Panya wa vita banabeba hata bunduki."

Apollinaire alimshika mke wake mashavu kwa mikono miwili, mbele ya watu, jambo ambalo mwanamume wa Kinande hafanyi mara nyingi.

"Tazama huyu," alisema. "Huyu ni mugonjwa? Dawa imeisha ju ugonjwa umeisha. Tumushukuru Mungu, tuache kulia juu ya kopo."

"Daktari alisema..."

"Daktari iko mbali. Na njia imekatwa. Mi nafanya nini?"

Kavira alikuwa akimenya viazi. "Dawa ikiisha na ugonjwa ukaisha, ni neema mbili siku moja," alisema. Wote waliitikia kwamba ni kweli. Hata Delphine, baada ya kusitasita, alisema amina. Uso wake wenyewe ulishuhudia dhidi yake. Nani angemwamini mtu mwenye mashavu kama yale akisema yuko hatarini?

Siku zile Kavira aliishi maisha ya ajabu. Njaa ilimshika ambayo hakuwahi kuijua. Katika Kwaresima, yeye aliyekuwa akifunga Jumatano na Ijumaa tangu akiwa msichana kwao Alimbongo, alikula viazi vya watoto akiwa amesimama nyuma ya nyumba, vikiwa bado na maganda. Usingizi ulimkimbia. Mikono ilimtetemeka akitia uzi katika sindano. Hippolyte alikuwa na kipande cha kioo cha kunyolea ndevu, na kila asubuhi Kavira alikiinamia. Aliona mifupa ya uso wake iko kama ilivyokuwa jana. Aliona pia macho yaliyokuwa yakimtazama vibaya, akakigeuza kioo uso ukutani.

Ijumaa usiku alivifunga vidonge ishirini na vinne katika ncha ya kitambaa chake cha kiunoni, vya kumtosha siku sita, ili asiende mara kwa mara kwenye kopo alilolificha chini ya magunzi. Alipoomba rozari aliisoma upesi upesi, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mtu anayemdai.

Upande wa pili wa ua, Delphine hakuimba tena. Ijumaa vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba. Jumamosi hakula. Kavira aliona, akawaza: anajilegeza ili aonewe huruma. Na hapohapo aliuonea wivu hata ule ulegevu.

*

Jumapili tarehe 14, wakati watu walipokuwa wakijiandaa kwa misa, Delphine alianguka mlangoni. Alitapika maji ya kijani. Ngozi yake ilikuwa baridi na jasho lilimtiririka. Walipomwinua macho yalipinduka akazimia tena. Apollinaire alimbeba mgongoni kama mwaka uliopita.

"Ni sumu," Mukaka Vagheni alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mutu alibeba kopo, na mutu huyo ametia kitu. Leo nyumba zote za ua huu zitafunguliwa. Nitaanza na yangu mwenyewe. Hippolyte, leta taa."

Kavira alikuwa wa kwanza kusema, "Ndiyo, Mama, tutafute." Kisha alizunguka nyuma, akachomoa kopo chini ya magunzi, akaingia chooni akalimimina. Vidonge vilianguka shimoni bila sauti. Alilitupa na kopo. Alipotoka alikutana na jogoo wa Apollinaire, na jogoo yule alimfanya apige kelele.

Hawakuona kitu. Walipekua mpaka kitanda cha Kavira, na Hippolyte alimwomba radhi kwa macho. Lakini kitambaa kilikuwa kiunoni mwake, na hakuna anayempekua mama wa watu mwilini.

Siku nzima ua ulijaa. Majirani walileta maziwa, walileta sala. Mukaka alikaa amepakata kichwa cha Delphine mapajani, akimpangusa jasho kwa kiganja chake mwenyewe. Kavira alisimama na ndoo mlangoni akatazama. Alikumbuka siku alipomzaa mtoto wake wa tatu, damu ilipokataa kukata. Nani alikipakata kichwa chake? Mukaka alikuwa shambani, Hippolyte Kasindi. Aliyekaa naye alikuwa Delphine, msichana aliyekuwa ameolewa wiki mbili tu kabla ya hapo. Alilikumbuka jambo hilo la mwisho bila kutaka, akaiweka ndoo chini akaondoka.

*

Jumatatu asubuhi Hippolyte alimleta Ésaïe, mwuguzi wa serikali, mtu wa Kasai aliyepelekwa Butembo miaka miwili kabla na kuusahau mshahara wake tangu waasi wapite. Zahanati yake ilikuwa imeporwa mpaka vitasa vya milango. Alikuja na kipimo cha joto na mikono yake miwili. Alimpima Delphine mapigo, akamfunua macho, akauliza juu ya vidonge. Alipoambiwa siku vilipopotea alihesabu kwa vidole.

"Ni sumu?" Apollinaire aliuliza.

"Hapana sumu. Ni kukosa." Ésaïe alikaa juu ya kigoda. "Hii dawa ni prednisolone. Ni dawa kubwa, donc ni dawa kali. Tunapatia batu benye kansa, ile ya damu na ya tezi. Tunapatia na batu kama huyu, wenye moto ndani ya viungo. Inazima moto. Mais kuna kitu: mu mwili wa kila mutu Mungu aliweka kiwanda kidogo kinachotengeneza dawa kama hii. Ukimeza vidonge wiki nyingi, kiwanda kinalala. Kinasema, wengine banafanya kazi yangu. Sasa ukikata vidonge siku moja, kiwanda hakiamuki mara moja. Mwili unabaki bila kitu. Unaanguka kama nyumba iliyotolewa nguzo."

"Lakini alikuwa amenona!" Mukaka alilia. "Tazama mashavu!"

"Mama, haya hapana mafuta ya afya. Ni dawa yenyewe inavimbisha uso. Mikono imekonda, ona, mashavu tu. Ni alama ya dawa, kama vile kovu ni alama ya kisu."

Kavira, akiwa nyuma ya watu, alijigusa uso.

"Atakufa?" Apollinaire aliuliza.

"Mumupatie maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo. Sasa chumvi anaihitaji, mulete yote iliyoko. Hiyo itamushikilia leo, pengine na kesho. Ningepata hata vidonge kumi na tano, ningemusimamisha." Aliikunjua mikono yake mitupu. "Hapa Butembo hakuna mutu mwenye nayo. Nimeuliza hata ku camp ya askari."

Watu walitawanyika kutafuta chumvi, kila mmoja kwa jirani yake. Kavira aliachwa na mgonjwa kwa muda wa kuchemsha maji. Alikaa mbali, karibu na mlango. Delphine alifungua macho.

"Yaya."

"Nyamaza, ulale."

"Nataka kusema kabla nguvu haijaisha. Nilikuwa na zambi juu yako." Alipumua kwanza. "Nilikuonea wivu."

"Weye? Wivu na mimi?"

"Uko na shingo. Mi sina tena, uso umeimeza. Mathe aliponiona nimetoka hospitali alikimbia, aliniogopa. Na batu ku soko banacheka, banasema nimenona, na mi najua ni ugonjwa unacheka na mimi. Weye unabeba jembe, unakwenda, unarudi, vidole vyako vinakunja. Asubuhi nilikuwa nakutazama unapuliza moto. Nilikuwa naimba ili nisilie." Alilamba midomo. "Uniombee. Weye unajua kuomba muzuri. Mwaka jana ulinisimamisha."

Kavira hakuomba. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitafuta neno la kumwambia Mungu na hakulipata, kwa sababu kila neno alilolijua lingekuwa uongo mdomoni mwake. Mkono wake ulishuka kiunoni, ukashika fundo. Vilikuwamo bado vidonge kumi na viwili. Akawaza: nitavitia katika maji ya chumvi, hakuna atakayejua, atapona, watasema ni sala. Aliwaza hivyo kwa muda wa kutosha. Angeweza kufanya hivyo. Lakini Ésaïe alisema kumi na tano vya kumsimamisha, na baada ya kusimama je? Vingetoka wapi vingine? Mtu aliyenyamaza hawezi kutumwa kuvileta.

Akatoka nje uani, akalifungua fundo mbele ya Ésaïe, juu ya kiganja.

*

Walimpa Delphine vinne palepale, vikiwa vimesagwa ndani ya maji. Mpaka alasiri jasho lilikuwa limekatika, na alikuwa ameomba uji. Hapo ndipo watu walipomgeukia Kavira.

Walikuwa wamekaa uani: Mukaka, Hippolyte, Apollinaire, Ésaïe, na katekista Ignace aliyekuwa ameitwa kumwombea mgonjwa na sasa alikuwa na mtu mwingine wa kumwombea. Majirani walisimama kwenye uzio wa mianzi, na hakuna aliyewafukuza. Kavira alisema yote: kikapu, vinne vya kila asubuhi, magunzi, shimo la choo. Aliposema juu ya shimo Apollinaire aliinuka na randa ya useremala mkononi, na Ésaïe akamkalisha.

"Ulikuwa unatafuta nini?" Hippolyte aliuliza. Hakupaza sauti. "Ulikuwa unakosa nini ku nyumba yangu?"

"Mashavu," Kavira alisema.

Mtu mmoja kwenye uzio alicheka, akajizuia.

"Kesho utarudi Alimbongo kwa baba yako," Hippolyte alisema. "Batoto watabaki hapa."

"Ni haki yako," Kavira alisema. "Mais kwanza muniambie, vile vidonge vinane vinamufikisha siku gani?"

Ésaïe alivihesabu tena. "Nikipunguza, viwili viwili, siku nne. Na chumvi, na uji, tano. Kama sita, tumuweke mikononi mwa Mungu."

"Na njia ya hospitali?" katekista Ignace aliuliza.

"Tangu nirudi Kasindi njia imefungwa na askari mpaka Beni," Hippolyte alijibu. "Mwanamume akipita sasa banamukamata, banamuita Mulele. Wiki iliyopita walishika wawili wa Mutwanga waliokuwa wanatafuta mbuzi. Apollinaire akienda, tutalia watu wawili."

"Mwanamuke je?" Kavira aliuliza.

Wote walijua jibu, na walijua pia askari walifanya nini kwa wanawake waliopita peke yao. Mukaka Vagheni alijifunika uso kwa mikono.

"Mi ninatembea upesi," Kavira alisema. "Sijalala usingizi tangu wiki, miguu inajiendea yenyewe. Siku mbili kwenda, mbili kurudi. Ésaïe aniandikie karatasi ya kumupa daktari."

"Binti yangu," Ignace alisema kwa upole, "unafanya hivi ili usamehewe. Mungu hauzi musamaha. Sema tu mbele ya sisi wote kwamba wivu umetoka moyoni mwako, na umupende mwenzako. Hiyo inatosha. Kwa safari tutatafuta mutu mwingine."

Ingekuwa rahisi. Watu wote walikuwa wakingoja neno hilo, hata Hippolyte. Apollinaire alikuwa ametoka chumbani akiwa amemshika Delphine kwapani, kwa sababu Delphine mwenyewe alitaka kuwapo, naye sasa alikuwa amekaa kizingitini, blanketi mabegani, uso wake ukiwa wa mviringo kama mwezi. Kavira alimtazama. Aliutazama na mkono wa Mukaka, uliokwisha kwenda kulirekebisha lile blanketi, na kitu kikamchoma palepale kilipokuwa kikichoma siku zote.

"Hapana, Baba Katekista," alisema. "Nimesema uongo wiki moja, sitasema mwingine mbele ya batu." Alisimama. Alinyosha mkono wa kuume kama walivyofanya watu mbele ya chef, na sauti yake ilifika kwenye uzio. "Munisikie wote. Mama, bwana wangu Baba Élise, shemeji, musyé Ésaïe, na ninyi majirani, muwe mashahidi. Sitaahidi kumupenda, ju sijui kama nitaweza. Wivu ungali humu, nausikia hata sasa ninaposema. Sitaahidi kitu kisichokuwa mikononi mwangu. Naahidi miguu. Kesho kabla jogoo hajawika ninatoka. Nitamwambia daktari kwa kinywa changu kwamba mimi, Kavira, ndiye nimeiba dawa ya mugonjwa. Ijumaa, jua likiwa bado juu, Delphine atakuwa na vidonge mu mukono. Kama sikufika Ijumaa, mulie, nimekufa njiani, musiseme nimekimbia."